Kuzuia na Kuzuiana: Haki ya Pekee ya Kuandika katika Vifaa vya Bloku na Istilahi Zake kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna kiini cha mfumo endeshi wa tarakilishi kinavyosimamia haki ya pekee ya kuandika katika vifaa vya bloku, yaani diski na vifaa vingine vya kuhifadhia data. Mfano mkuu unaotumiwa ni kiini cha Linux. Inadaiwa kwamba neno moja la Kiingereza, exclusive, limetumika kutaja taratibu mbili zisizofanana: utaratibu ambapo wanaodai upekee huzuiana wao kwa wao, na utaratibu ambapo aliyeshika kifaa huwazuia wote wengine kuandika. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua iwapo data itasalimika au itapotea. Makala yanaonyesha kwamba kauli za vitenzi vya Kiswahili zinaweza kuibainisha, mradi mwundaji wa istilahi aelewe kwanza jinsi jambo lenyewe linavyofanya kazi.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Methali hii huchukuliwa aghalabu kuwa onyo kuhusu uongozi wa watu, lakini inafumbata tatizo ambalo wataalamu wa mifumo endeshi wamekabiliana nalo kwa miongo mingi. Diski moja inaweza kufikiwa na programu nyingi kwa wakati mmoja. Zinaposoma tu, hakuna madhara, kwani wasomaji hata mia wanaweza kusoma ukurasa mmoja bila kuuharibu. Matata huanza pale programu mbili zinapoandika, kila moja ikidhani kwamba ndiyo nahodha.

Wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuuliza jambo hili linawahusu vipi. Jibu ni kwamba Kiswahili kimekwisha kuingia katika tarakilishi. Mnamo 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi ya aina hiyo ilishughulikia zaidi tabaka la juu, yaani menyu, vitufe na ujumbe unaoonekana kwenye skrini. Tabaka la chini, ambako kiini hufanya kazi, halijapata mjadala wa kutosha katika lugha hii. Hata hivyo, ujumbe mwingi ambao mtumiaji husoma huanzia huko chini. Ikiwa mtafsiri haelewi kiini kimekataa nini na kwa nini, atatoa tafsiri ambayo ni sahihi kisarufi na potovu kimaana. Mtumiaji atakayeifuata ndiye atakayepoteza data.

Makala haya yamegawika katika sehemu nne kuu. Kwanza, yanaeleza kifaa cha bloku na hatari ya kukiandikia kwa njia mbili. Pili, yanaeleza dai la pekee na mipaka yake. Tatu, yanaeleza zuio la uandikaji lililoongezwa katika Linux mwaka 2024 na kulilinganisha na mifumo mingine. Mwisho, yanajadili istilahi.

2.0 Kifaa cha Bloku na Njia Mbili za Kukifikia

Vifaa vinavyounganishwa na tarakilishi si vya aina moja. Baadhi yake, kama vile kibodi, hutoa data kwa mfululizo, herufi baada ya herufi, na kilichokwisha kupita hakirudi. Vingine huhifadhi data katika vipande vyenye ukubwa sawa na vyenye nambari, hivi kwamba kiini kinaweza kusoma au kuandika kipande chochote bila kupitia vilivyokitangulia. Vipande hivyo huitwa bloku. Kwa miaka mingi kipimo cha chini kabisa katika diski kilikuwa baiti 512. Diski nyingi za miaka ya karibuni hutumia baiti 4,096. Diski kuu, diski mweko na kadi za kumbukumbu zote ni vifaa vya bloku.

Katika mifumo ya ukoo wa Unix, ambao Linux ni mmoja wao, kifaa cha bloku kinaweza kufikiwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kupitia mfumo wa faili. Kifaa hupachikwa mahali fulani katika mti wa saraka, na tangu hapo mtumiaji huona faili na saraka, wala haoni bloku. Mfumo wa faili ndio unaojua ni bloku zipi zilizo huru, zipi zimekaliwa, na kila faili imetawanyika katika bloku zipi. Njia ya pili ni kupitia faili ya kifaa chenyewe, kwa mfano /dev/sda kwa diski nzima au /dev/sda1 kwa kigawanyo chake cha kwanza. Anayepitia njia hii haoni faili yoyote ndani; huona bloku tupu kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na anaweza kuandika popote.

Hatari imo katika kukutana kwa njia hizi mbili. Mfumo wa faili hauendi diskini kila mara unapotaka kujua jambo. Hutunza nakala ya kumbukumbu zake ndani ya tarakilishi ili kazi iende kwa kasi. Chukua mfano wa mkutubi aliyekariri mpangilio wa rafu zote. Msomaji anapoomba kitabu, mkutubi humwelekeza papo hapo bila kufungua daftari. Sasa mtu akiingia kwa mlango wa nyuma na kuzipanga rafu upya, mkutubi ataendelea kuwaelekeza wasomaji kwa mpangilio wa zamani. Zaidi ya hayo, jioni atakapoandika daftari lake, ataandika yale aliyoyakariri, na mpangilio mpya utakuwa umefutika katika maandishi ingawa vitabu vimehama.

Ndivyo inavyotokea diskini. Tuseme mfumo wa faili unajua kwamba bloku ya 5,000 iko huru. Programu nyingine inapita mlango wa nyuma, inaweka data katika bloku hiyo na kubadilisha daftari lililoko diskini ili lionyeshe kwamba imekaliwa. Mfumo wa faili, ukitegemea nakala yake, unaitoa bloku ya 5,000 kwa faili nyingine na kuandika juu yake. Data ya kwanza imepotea, na hakuna aliyepewa taarifa ya kosa lolote. Kuna hali iliyo mbaya zaidi. Mfumo wa faili hukagua kumbukumbu zake zinaposomwa kutoka diskini, kisha huziamini. Mwandikaji wa nje akizibadilisha baada ya ukaguzi, mfumo wa faili utafuata nambari isiyo na maana, na kiini chote kinaweza kuanguka.

3.0 Rukhsa Si Upekee

Msomaji anaweza kudhani kwamba tatizo hili linatatuliwa na mfumo wa rukhsa. Ni kweli kwamba faili za vifaa hazifunguliwi na kila mtu. Kwa kawaida mtumiaji mkuu ndiye mwenye rukhsa ya kuandika moja kwa moja katika diski, pamoja na kikundi kidogo alichokiteua. Hata hivyo, rukhsa na upekee hujibu maswali mawili tofauti. Rukhsa huuliza, ‘Wewe ni nani?’ Upekee huuliza, ‘Ni nani mwingine aliyemo?’

Programu inayopachika diski huendeshwa kwa uwezo wa mtumiaji mkuu. Programu inayoumba mfumo mpya wa faili na kufuta wa zamani huendeshwa kwa uwezo huo huo. Zote mbili zina rukhsa kamili. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuiambia ya pili kwamba ya kwanza imekwisha kutangulia. Msimamizi wa mitambo anayetaka kufuta diski ya pili, lakini kidole kikateleza akaandika sda badala ya sdb, ana rukhsa zote anazohitaji ili kuliangamiza shirika lake. Rukhsa haimkingi mtu dhidi ya kosa lake mwenyewe.

4.0 Dai la Pekee katika Linux

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Toleo la 2.6, lililotolewa Desemba 2003, liliwapa watengenezaji wa programu njia ya kuomba upekee wa kifaa cha bloku. Programu inapofungua faili ya kifaa, inaweza kuambatisha alama iitwayo O_EXCL. Ikiwa kifaa kinatumiwa na mfumo, kwa mfano kimepachikwa, kiini hukataa ombi na kurudisha kosa liitwalo EBUSY. Kabla ya hapo alama hiyo ilijulikana zaidi katika uumbaji wa faili, ambako humaanisha ‘umba faili hii endapo tu haipo’.

Wanaotoa madai ya pekee ni wengi. Upachikaji wa mfumo wa faili ni mmojawapo. Eneo la diski linalotumiwa kupanua kumbukumbu ya tarakilishi hudaiwa vivyo hivyo, na pia diski zinazounganishwa ili zifanye kazi kama diski moja. Programu za kuumba mifumo ya faili, kama ile ya ukoo wa ext, huomba upekee kabla ya kuanza. Zikikataliwa, humwarifu mtumiaji kwamba kifaa kinatumika na kujiondoa. Kwa njia hiyo, msimamizi aliyekosea herufi huokolewa.

4.1 Anayedai na Aliyeshika

Utekelezaji wa dai unahitaji uangalifu. Tuseme programu A inauliza kama kifaa kiko huru na kuambiwa ndiyo. Kabla A haijaandika jina lake, programu B nayo inauliza na kupewa jibu lilo hilo. Zote mbili zitaingia zikiamini kwamba ziko peke yake. Kwa sababu hiyo, kuuliza na kuandikisha jina lazima viwe tendo moja lisilokatika, na kiini hulilinda tendo hilo kwa kufuli. Ni muhimu kutofautisha kufuli na dai. Kufuli hushikwa kwa muda mfupi mno, ili tu ukaguzi ukamilike. Dai hudumu maadamu kifaa kinatumika, na linaweza kuishi kwa siku au miezi.

Aidha, kufungua kifaa si tendo la papo kwa papo. Pengine diski inahitaji kuamshwa, au jedwali la vigawanyo lisomwe. Kwa hivyo kiini cha Linux hutenganisha hatua mbili. Katika hatua ya kwanza, mwombaji huandikishwa kuwa anadai. Mwingine akija wakati huo hakataliwi. Husubirishwa hadi ijulikane kama wa kwanza amefaulu au ameshindwa. Katika hatua ya pili, ikiwa ufunguzi umefaulu, mwombaji huandikishwa kuwa mshika dai. Ukishindwa, dai lake hufutwa na aliyekuwa akisubiri hupewa nafasi. Msomaji wa Kiswahili atatambua hapa tofauti anayoijua vyema kati ya viambishi -na- na -me-: anadai si sawa na amedai.

4.2 Diski Nzima na Vigawanyo Vyake

Diski moja huweza kugawanywa katika vigawanyo kadhaa, na kila kimoja huonekana kama kifaa kinachojitegemea. Je, aliyeshika kigawanyo cha kwanza amezuia nini? Kanuni ya Linux ni hii: kigawanyo kimoja kikiwa kimedaiwa, vigawanyo vingine vya diski hiyo vinaweza kudaiwa na wengine, ila diski nzima haiwezi kudaiwa. Kinyume chake, diski nzima ikiwa imedaiwa, hakuna kigawanyo chake kinachoweza kudaiwa na mwingine. Kanuni hii ni ya busara. Wapangaji wawili wanaweza kukaa katika vyumba viwili vya nyumba moja, lakini hakuna anayeweza kuikodi nyumba nzima wakati chumba kimoja kina mpangaji.

4.3 Mpaka wa Dai la Pekee

Hapa ndipo penye kiini cha hoja ya makala haya. Dai la pekee katika Linux humzuia nani? Jibu si ‘kila mtu’. Humzuia yule tu ambaye naye anaomba upekee. Programu inayofungua kifaa bila alama ya O_EXCL haiulizwi swali lolote kuhusu nani amekishika. Ikiwa ina rukhsa, itafungua, itaandika, na mfumo wa faili uliopachikwa hautajua. Programu ya dd, inayotumika sana kunakili diski bloku kwa bloku, kwa kawaida haiombi upekee. Msimamizi yule aliyekosea herufi, ambaye programu ya kuumba mfumo wa faili ingemwokoa, angeangamia kama angetumia dd.

Kwa maneno mengine, dai la pekee lilikuwa mkataba wa waungwana. Wanaoheshimu mkataba huzuiana. Asiyeutia sahihi hapati pingamizi. Hali hii haikutokana na uzembe. Zipo programu zilizo na sababu halali za kuandika katika kifaa kilichopachikwa. Programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili huendeshwa wakati tarakilishi inapoamka, ambapo diski ya mfumo imekwisha kupachikwa kwa kusomwa tu. Programu za kurekebisha baadhi ya sifa za mfumo wa faili wa ext4 nazo zimezoea kuandika mfumo ukiwa umepachikwa. Torvalds ameshikilia kwa miaka mingi kanuni kwamba kiini kisivunje programu za watumiaji zilizokuwa zikifanya kazi. Kuufunga mlango wa nyuma ghafla kungezivunja.

5.0 Zuio la Uandikaji

Msukumo wa mabadiliko ulitoka mahali pasipotarajiwa na wengi. Katika miaka ya karibuni kiini cha Linux kimekuwa kikipimwa na mtambo wa majaribio uitwao syzbot, ambao hukirushia maombi ya kila aina, yakiwemo ya ajabu, ili kuona kama kitaanguka. Mojawapo ya mbinu zilizokiangusha ilikuwa kuandika moja kwa moja katika kifaa ambacho mfumo wa faili ulikuwa umekipachika. Ripoti za aina hiyo ziliwachosha watengenezaji wa mifumo ya faili, kwa kuwa mfumo wa faili hauna njia ya maana ya kugundua uandikaji huo.

Jan Kara, mtaalamu wa mifumo ya faili katika kampuni ya SUSE, aliandaa marekebisho yaliyoingizwa katika Linux 6.8, toleo lililotoka Machi 2024. Marekebisho hayo yaliongeza aina mpya ya ombi: anayefungua kifaa anaweza kuomba kwamba wengine wasikiandikie. Utekelezaji wake ni mwepesi kueleweka. Kila kifaa kina kihesabu cha waandikaji. Kihesabu kikiwa sifuri, hakuna mwandikaji wala zuio. Kikiwa juu ya sifuri, nambari hiyo ni idadi ya waliofungua kifaa ili kuandika. Kikishuka chini ya sifuri, uandikaji umezuiwa. Anayetaka kuandika hukataliwa ikiwa kihesabu kiko chini ya sifuri. Anayetaka kuzuia hukataliwa ikiwa kihesabu kiko juu ya sifuri. Kwa hivyo zuio haliwezi kuwekwa wakati mwandikaji yumo ndani, na mwandikaji hawezi kuingia zuio likiwapo. Anayekataliwa hurudishiwa EBUSY, kosa lile lile la awali.

Mambo mawili yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, zuio hili halikulazimishwa. Anayejenga kiini huchagua kama uandikaji katika vifaa vilivyopachikwa uruhusiwe au la, na chaguo la msingi lilibaki kuwa uruhusiwe, kwa sababu zilizotajwa hapo juu. Uamuzi huo unaweza pia kubadilishwa tarakilishi inapoamshwa. Pili, zuio si ukuta usiopenyeka. Hulinda kifaa kilichopachikwa, lakini tabaka zilizo chini yake zinaweza kubadilishwa kwa njia nyingine, mathalani kwa kuipelekea diski amri moja kwa moja. Wakati wa kueleza ulinzi, mwandishi wa istilahi asiahidi zaidi ya kile ambacho kiini kinatoa.

5.1 Ulinganisho na Mifumo Mingine

Mfumo wa FreeBSD ulichukua mkondo tofauti mapema. Toleo la 5.0 la mwaka 2003 lilileta mpangilio wa GEOM, uliobuniwa na Poul-Henning Kamp, ambamo kila kifaa kina hesabu tatu: ya wasomaji, ya waandikaji, na ya upekee. Anayeomba upekee hukataliwa ikiwa mwingine anaandika, na anayeomba kuandika hukataliwa ikiwa mwingine ana upekee. Zingatia kwamba neno lililotumika ni lile lile la Kiingereza, ila maana si moja. Upekee wa FreeBSD huwazuia waandikaji wote; upekee wa Linux huwazuia tu wanaoomba upekee. FreeBSD huweka pia swichi ya kuondoa kinga hiyo, na watengenezaji wameipa jina la utani linalohusu mtu kujijeruhi mguu kwa silaha yake. Mswahili angesema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Windows nayo, kuanzia Vista iliyoingia madukani mwaka 2007, ilianza kukataa uandikaji wa moja kwa moja katika eneo la mfumo wa faili uliopachikwa, isipokuwa programu ilifunge au ilipachue eneo hilo kwanza. Mifumo yote mitatu inakabili hatari moja, lakini kila mmoja umechora mpaka wake mahali pake. Mtafsiri anayetumia neno moja kwa mipaka yote mitatu atakuwa amemficha msomaji jambo analohitaji zaidi kulijua.

6.0 Istilahi: Kauli za Vitenzi kama Nyenzo

Uundaji wa istilahi za Kiswahili mara nyingi hujikita katika nomino. Mwundaji hutafuta nomino ya Kiswahili inayolingana na ya Kiingereza, na akiikosa hutohoa. Mjadala uliotangulia unaonyesha kwamba katika mada hii kitenzi kina msaada mkubwa zaidi.

Anza na kauli ya kutendana. Utaratibu wa zamani wa Linux unaelezeka kikamilifu kwa kitenzi kuzuiana: wadai wa pekee huzuiana. Kiambishi -an- hudai kwamba wahusika wawe wa kundi moja na tendo liwe la pande zote. Asiye mdai hamo katika tendo, na kwa hivyo hazuiwi. Utaratibu wa mwaka 2024, kwa upande wake, unaelezeka kwa kauli ya kutenda: mshika kifaa huzuia uandikaji. Hakuna sharti kwamba anayezuiwa awe amedai chochote. Kile ambacho Kiingereza hukieleza kwa aya nzima, Kiswahili hukieleza kwa kiambishi kimoja. Kwa msingi huu inapendekezwa kwamba utaratibu wa kwanza uitwe dai la pekee, na wa pili uitwe zuio la uandikaji.

Neno uandikaji limechaguliwa badala ya uandishi kwa makusudi. Uandishi umeshikamana na utungaji, taaluma na fasihi. Uandikaji hutaja tendo lenyewe la kuandika. Vivyo hivyo, programu inayoandika bloku ni mwandikaji, wala si mwandishi. Kuhusu anayetajwa kuwa ameshika kifaa, neno mmiliki halifai, kwani programu haimiliki diski. Huishika kwa muda na kuiachilia. Muundo wa mshika, unaojulikana katika mshika bendera na mshika dau, unatoa mshika dai. Mdai abakie kuwa jina la yule ambaye ombi lake bado halijakamilika.

Pili, kuna suala la ujumbe wa makosa. Kosa la EBUSY huambatana na maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba kifaa kina shughuli. Tafsiri ya neno kwa neno itakuwa ‘Kifaa kina shughuli’. Mtumiaji wa Kiswahili akiisoma atafanya nini? Atasubiri, kama anavyosubiri mtu mwenye shughuli amalize. Lakini dai la pekee haliishi kwa kusubiriwa. Hudumu hadi kifaa kipachuliwe. Atasubiri asubuhi hadi jioni, kisha achoke na kutafuta programu isiyouliza maswali, na huo ndio mlango wa kuangamiza data.

Wengine wangeweza kupendekeza kauli ya kutendeka: ‘Kifaa hakiandikiki’. Kauli hii humficha mtenda na kuifanya hali ionekane kuwa sifa ya kifaa chenyewe. Mtumiaji atadhani diski imeharibika, na pengine ataitupa. Kauli inayofaa ni ya kutendwa: ‘Kifaa kimeshikwa’. Kiambishi -w- humwacha mtenda nje ya sentensi lakini hakimfuti, na msomaji huuliza mara moja, ‘Kimeshikwa na nani?’ Swali hilo ndilo hasa mtumiaji anapaswa kujiuliza. Litamwongoza kutafuta mahali kifaa kilipopachikwa, akipachue kwa utaratibu, kisha aendelee na kazi yake salama.

Tatu, istilahi rukhsa itengwe kabisa na mjadala wa upekee. Ujumbe ‘Huna rukhsa’ humwelekeza mtumiaji kutafuta uwezo zaidi. Ukitumiwa pale ambapo kifaa kimeshikwa, utamsukuma kutumia uwezo wa mtumiaji mkuu kulazimisha jambo ambalo halikukataliwa kwa sababu ya uwezo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba haki ya pekee ya kuandika katika kifaa cha bloku si jambo moja. Katika Linux ilianza kama mkataba baina ya wadai, ikaongezewa mwaka 2024 zuio linalowakabili waandikaji wote pale msimamizi anapolichagua. Katika FreeBSD na Windows mipaka imechorwa kwingine. Wanaoandika kwa Kiingereza wamezoea kulibeba neno moja katika hali hizi zote na kutegemea msomaji atambue tofauti kutokana na muktadha. Kiswahili hakilazimiki kurithi utata huo.

Aidha, imebainika kwamba istilahi nzuri haitokani na kamusi peke yake. Anayechagua kati ya kimeshikwa, hakiandikiki na kina shughuli anaamua mtumiaji atafanya nini baada ya kusoma, na hawezi kuamua vyema bila kujua kiini kimefanya nini. Inapendekezwa, kwa hivyo, kwamba miradi ya istilahi katika vyuo vikuu iwakutanishe wanafunzi wa Kiswahili na wanafunzi wa sayansi ya tarakilishi tangu hatua ya kwanza, kabla orodha za maneno hazijaandaliwa. Mwanaisimu akiachwa peke yake atafasiri sauti ya neno. Mwanasayansi akiachwa peke yake atalitohoa. Wakikaa pamoja, mmoja ataeleza ni nani anayezuiwa na nani, na mwingine atajua ni kauli gani ya kitenzi inayosema hivyo.